Bustani ya mtoto uani: namna ya kuitumia kumtuliza na kumpa moyo

Mtoto wa Unguja au Pemba hahitaji kufunzwa jembe ni nini. Analijua, na mara nyingi amelijua kwa ubaya: kachelewa skuli, kapelekwa kufyeka majani, kapiga kelele darasani, kapalilishwa mihogo, kampiga mdogo wake, kaamrishwa kufagia uwanja mzima. Ndiyo maana kazi ya kwanza, kabla ya mbegu na kabla ya samadi, ni kuitoa adhabu bustanini. Kipande mtakachotumia kisiwe kile ambacho watoto hutiliwa adabu, na tangu siku ya kwanza asitokee mtu akasema "ukirudia utapalilia" wala "ukirudia huendi bustanini leo." Hili la pili watu wazima hulisahau zaidi. Mtoto anayezuiliwa bustani siku aliyokasirika amenyimwa dawa siku ya homa.

Maelezo haya ni ya mzazi, bibi, mwalimu wa skuli au ustadhi wa madrasa anayetaka kumsaidia mtoto wa miaka 4 hadi 13 aliyejaa hasira, woga, huzuni au kinyongo kisichosemeka. Shamba halihitajiki. Ndoo moja inatosha kuanza.

Kinachomsaidia mtoto ni nini hasa

Mtoto ambaye wazazi wake wameachana, aliyehamishiwa kwa bibi, au aliyeanguka mtihani, anaishi ndani ya mambo yaliyoamuliwa na wengine. Mche wa kunde kwenye ndoo yake ni kitu ambacho akikitilia maji kinasimama na akikisahau kinalala, na tofauti hiyo anaiona mwenyewe ndani ya siku moja. Mche haumkaripii, haumwulizi amekuwa wa ngapi darasani, wala haumharakishi.

Halafu kuna namna mnavyokaa. Mtu mzima na mtoto wamechutama bega kwa bega, macho yote kwenye udongo. Mtoto wa kwetu amelelewa asimkazie mkubwa macho, ukimkalisha mbele yako na kumwuliza "una nini?" atakujibu "sina kitu." Akiwa anachambua magugu, maneno hutoka yenyewe, mengine dakika ya ishirini na tano, mkiwa mshakata tamaa.

Na akili inapumzika. Watafiti wa Marekani Andrea Faber Taylor na Frances Kuo walitoa mwaka 2009 utafiti wa watoto 17 wa miaka 7 hadi 12 wenye tatizo la kutotulia: baada ya kutembea dakika 20 kwenye bustani ya miti, watoto hao waliweza kukazia fikra vizuri zaidi kuliko baada ya kutembea muda huo huo katikati ya mji. Watoto 17 ni wachache kujengea madai makubwa, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusomesha chini ya mwembe hatashangaa.

Ndoo, udongo na maji

Ukiwa upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, au Micheweni kule Pemba, chini ni maweni na jembe halizami. Ukiwa kwenye majumba ya Michenzani huna ardhi kabisa. Hata mwenye udongo mzuri wa kinongo uani, mtoto aanze na chombo: ndoo ina mipaka, kuku haifukui kirahisi, na mtoto anaweza kuibeba kuiweka anapotaka.

Chukua ndoo ya lita 10 au dumu la mafuta la lita 20 lililokatwa nusu. Mtu mzima atoboe matundu 6 chini kwa chuma cha moto, kila moja upana wa kidole kidogo cha mtoto. Matundu mawili hayatoshi. Chanzo kikubwa cha miche kufa kwenye ndoo ni maji kutuama, na mtoto ambaye mche wake umekufa kwa kupendwa mno huumia kuliko yule aliyesahau kuutilia maji. Funika matundu kwa vipande vya kumbi la nazi ili udongo usivuje.

Mchanganyiko: makopo 2 ya udongo wa juu, kopo 1 la samadi iliyooza, kopo 1 la mchanga. Samadi iwe imekaa miezi 3 au zaidi, haina harufu kali, na ukitia mkono ndani huhisi joto. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi ndani ya siku chache. Mchanga usichotwe ufukweni. Na makumbi ya kulegeza udongo yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba: yamekunywa chumvi, na bila ya kuyaosha kwa maji matamu mara nyingi yataua kila kitu. Jaza ndoo ubakishe vidole vitatu juu. Mwacheni mtoto achanganye kwa mikono, hata ikichukua nusu saa. Watoto wengine wasiopenda kabisa kushika uchafu huanzia na kijiko, na wasilazimishwe. Baada ya siku mbili tatu kijiko huachwa wenyewe.

Maji ni tatizo la kweli, hasa mabomba yakikauka, na mtoto asibebeshwe lawama kwamba anamaliza maji ya nyumba. Madrasa na nyumba nyingi zina chanzo kizuri kisichotumika: maji ya udhu. Hayana sabuni. Weka beseni chini ya bomba au pale watu wanapotawadhia, yakusanywe. Maji ya kuoshea mchele nayo yanafaa. Ya sabuni na ya kuoshea samaki hayafai. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi inayosikika ulimini yaepukwe kwenye ndoo, kwani chumvi haina pa kwenda. Utaona kingo za majani zinakauka na kuwa za kahawia.

Toboa matundu 8 kwa msumari mdogo kwenye kizibo cha chupa ya nusu lita. Chupa moja kwa ndoo kila asubuhi. Upepo wa kaskazi ukishika, Januari na Februari, chupa ya pili baada ya alasiri. Siku za masika usitie kitu mpaka kidole kizame hadi kiungo cha pili na kitoke kikavu. Kipimo cha kidole ni cha mtoto, cha kwake mwenyewe, na kitamfaa kuliko amri yoyote: anajifunza kuuliza udongo badala ya kuuliza mkubwa. Mvua kubwa za Aprili zinaozesha miche, kwa hivyo ndoo zisogezwe chini ya upenu wa baraza. Miezi mizuri ya kuanza ni Machi mwanzoni na Oktoba vuli ikikaribia.

Mmea gani kwa hali gani

Kipimo cha kwanza ni haraka yake. Mtoto mwenye moyo mzito hawezi kusubiri miezi mitatu, na ukimpa mche wa mkarafuu utakaomlipa baada ya miaka 6 hadi 8 umempa maneno matupu. Tungule, yaani nyanya, nazo ziachwe mwanzoni, ingawa ndizo watoto wanazozitaka: zinanyauka kwa maradhi siku zinapochanua, mtoto akiwa ameshazipenda.

Kwa mtoto mwenye wasiwasi, anayeuliza mara kumi "kesho itakuwaje?", anza na choroko kwenye chupa ya kioo:

1. Loweka vijiko 2 vya choroko usiku mmoja.
2. Asubuhi mwaga maji, tia choroko chupani, funga mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira.
3. Suuza kwa maji safi asubuhi na jioni, kisha inamisha chupa ichuruzike hadi isibaki na maji.
4. Siku ya pili mkia mweupe unachungulia. Siku ya tatu au ya nne zipikwe; watoto wasile mbichi.

Kila usiku kabla ya kulala mtoto aseme anadhani ataona nini asubuhi, kisha asubuhi aangalie. Ni mazoezi madogo ya kuingoja kesho bila kuiogopa, na kesho hiyo inafika na kitu. Zikitoa harufu ya uvundo ni kwamba hazikusuuzwa vya kutosha au maji yalibaki. Tupa, anza tena, bila ya kesi.

Mtoto aliyezoea kuambiwa hajui kitu apewe matembele. Kata marando yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, toa majani ya chini, laza kwa kuyainamisha na ufukie nusu. Yatasinyaa siku mbili za mwanzo. Mwambie mapema kwamba yatasinyaa, la sivyo atakuja kukwambia kwa sauti ya chini kwamba ameyaua. Weka ndoo kivulini siku tatu. Siku ya tano yamesimama. Baada ya wiki 4 au 5 anachuma ncha za mboga. Kwa udongo wetu karibu hayakosei, na ndicho unachokitaka kwake: jambo lisilokosea.

Kunde zinafaa kwa asiye na subira. Tia mbegu 5 kwa ndoo, kina cha sentimita 3. Zitachomoza siku ya 4 hadi ya 6. Kisha tia mbegu nyingine 3 pembezoni kabisa, na hizo ziitwe mbegu za kuchungulia. Watoto wote hufukua kuangalia kama imeota. Ukikataza, atafukua usiku. Mpe mbegu za kufukua, zile tano ziachwe. Zikishaota, mabua yakatwe kwa mkasi yabaki mawili. Yasing'olewe, kwani mizizi imeshikana. Kuna watoto wanaolia kwenye kupunguza huku. Mtoto huyo mruhusu ahamishie miche iliyozidi kwenye kopo la pili hata kama unajua haitadumu.

Mchicha huota siku 3 hadi 5 na huliwa wiki ya nne. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga. Bamia ilowekwe usiku mmoja, huanza kuzaa karibu na siku ya 55. Alizeti ni ya mtoto aliyenyamaza: inapanda juu kwa kasi, na mtoto hatimaye hulazimika kuita mtu aje aone.

Mrehani unastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu harufu ndiyo njia fupi ya kuufikia mwili uliojaa hofu. Kata kitawi cha sentimita 10 hadi 12 kisicho na maua, toa majani ya chini, simamisha kwenye glasi ya maji. Maji yabadilishwe kila siku ya pili ili mbu wasizaliane. Mizizi hutoka baada ya siku 7 hadi 14, inaonekana yote kupitia kioo, halafu unapandikizwa. Ukishika, mfundishe mtoto hivi: asugue jani kwa vidole, anuse polepole kwa hesabu ya tatu, kisha apulize kwa hesabu ya tano kama anayepoza uji. Mara tano. Afundishwe siku aliyotulia. Mbinu ya kutuliza inayofundishwa mtoto akiwa katikati ya kilio haishiki. Baadaye jani moja linaweza kwenda skuli mfukoni siku ya mtihani.

Tahadhari moja ya harufu: mrehani na asumini kwetu ni harufu za watu. Ni kikuba cha mama siku ya harusi, ni chumba cha bibi. Mtoto aliyefiwa na bibi anaweza kuangua kilio papo hapo. Hakuna ubaya akilia, ila achague mwenyewe. Weka mbele yake mrehani, mnanaa, mchaichai na jani la mdalasini, anuse, aseme anautaka upi.

Hasira

Watu wengi humpa mtoto mwenye hasira kitu apige, wakidhani zitamtoka. Kupiga peke yake hakuzishushi, na kunaweza kuzizoesha. Kinachosaidia ni kazi nzito kisha kazi ya polepole, kwa mfuatano huo. Dakika 5 hadi 10 avunje madongoa kwa mikono, achanechane majani makavu ya mgomba ya kutia kwenye mboji, au abebe ndoo ya maji kutoka huku hadi kule. Halafu, bila ya kusimama katikati kwa hotuba, apewe kazi isiyokubali haraka: kuchekecha udongo kwa chekecheo, kutilia maji tone kwa tone, kupanda mbegu za mchicha moja moja. Hii ya pili ndiyo inayomshusha. Ikikosekana, mtoto ataondoka bustanini akiwa moto kuliko alivyokuja, na utasema bustani haifai.

Lundo la mboji lipo kwa ajili ya siku kama hizo: tabaka la majani makavu shibiri moja, juu yake maganda na majani mabichi nusu shibiri, nyunyiza maji, rudia. Lipinduliwe kila wiki mbili, na kwa joto letu huwa tayari kwa miezi 2 au 3. Wali, mifupa na samaki visitiwe, vinaleta panya na paka.

Nusu saa inavyokwenda

Watoto wetu wana skuli na chuo cha Kurani, wengine asubuhi, wengine mchana, na bustani isiwe kipindi cha tatu cha kuchoshwa. Dakika 5 za maji kila siku, na nusu saa mara mbili kwa wiki, baina ya alasiri na magharibi au asubuhi ya siku isiyo na skuli. Mwezi wa Ramadhani ihamishieni baada ya futari, na anayefunga asichimbe mchana. Kwa kundi, mtu mzima mmoja aangalie watoto 6 hadi 8, wasizidi.

Anzeni na jani la leo. Kila mtoto atafute popote uani jani moja linalofanana na alivyo leo: bichi linalong'aa, lililojikunja, lililoliwa na wadudu, kavu. Na mtu mzima achague lake kwa ukweli. Mtoto akisema "hili limejikunja," unajibu "ehe, limejikunja kweli," basi. Usiulize kwa nini. Atakayetaka kueleza ataeleza wakati wa kupalilia. Mtoto wa miaka 5 atakwambia jani limekasirika siku nyingi kabla ya kuweza kusema "mimi nimekasirika," na asiyetaka kuchagua jani aachwe.

Kisha kila mtu akaangalie mche wake kabla ya kuugusa. "Umeona nini kipya?" ni swali zuri. "Umetia maji?" ni la polisi. Baada ya hapo kazi, kisha kunawa, kisha kukaa kidogo pamoja na kitu cha kunywa.

Katika muda wote huo mikono ya mtu mzima ikae nyuma. Hapa ndipo panapohitaji nguvu kuliko kulima kwenyewe. Utaona anapanda mbegu juu chini, mstari umepinda, maji yanamwagika. Nyamaza, isipokuwa kuna hatari. Kosa likishaonekana, sema kilichopo: "Maji yametuama juu. Unaonaje?" Hakuna "si nilikwambia." Na usije usiku ukanyoosha mstari wake au ukamtilia maji aliyoyasahau, mtoto hujua, na anachojifunza ni kwamba hata ndoo haikuwa yake.

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyezipa skuli za watoto wadogo jina lenye maana ya bustani ya watoto mwaka 1840, alimpa kila mtoto kipande chake na palepale akaweka kipande cha wote. Mpango huo bado ndio unaofaa. Ndoo ni ya mtoto na hakuna anayeingilia; tuta la pamoja, mita 1 kwa mita 2, ndipo mahali pa kujifunza kugombana na kupatana. Tatizo la tuta la pamoja ni zamu ya chupa ya maji. Ziwe chupa mbili kwa watoto sita: moja inaleta ngumi, sita zinaondoa haja ya kusemezana.

Yanayoharibika

Kuku, mbuzi na kunguru wataharibu kabla ya huzuni yoyote. Zungushia makuti au wavu wa zamani wa kuvulia hadi miche ifike shibiri. Vidukari weusi kwenye kunde wakamuliwe kwa vidole, kazi ambayo watoto huipenda kuliko unavyotarajia, au wanyunyiziwe kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1. Konokono wakubwa waondolewe magharibi kwa kutumia jani, si mikono mitupu.

Mashindano yanaharibu kimyakimya. "Ona wa mwenzio ulivyopanda!" inatosha kumfanya mtoto aung'oe wake. Kila ndoo iwe na kijiti kinachotiwa alama kila Ijumaa, mche ulinganishwe na wiki yake iliyopita.

Jiko nalo linaharibu. Mchuzi uko motoni, mama anaona bamia tatu changa uani, anazikata. Kwake ni bamia tatu. Kwa mtoto ni siku 55. Nyumba nzima iambiwe ndoo ile haichumwi bila ya mwenyewe kuombwa. Mavuno yakifika, mtoto ayabebe mwenyewe hadi jikoni, na wakati wa kula itajwe kwa sauti kwamba mchicha huu ni wake. Kama anataka kuupeleka kwa jirani mgonjwa badala ya kuula, mwache.

Na mche utakufa. Usiubadilishe kwa siri. Ung'oeni pamoja, mtazame mizizi: myeusi yenye harufu ni maji mengi, mikavu myepesi ni kiu, shina lililokatwa usawa wa udongo ni sota, kiwavi mkata mashina, na mkifukua kidole kimoja pembeni mtamkuta amejikunja. Mtoto aone kwamba kufa kulikuwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo si ubaya wake. Mche uende kwenye mboji. Muulize kama anataka kupanda tena, na "si leo" ni jibu linalokubalika.

Kwa hiyo mtoto aliyefiwa asipewe mche wenye jina la marehemu. Wazo hilo huja kwa nia njema na ni la hatari: mche ukinyauka mtoto anafiwa mara ya pili, safari hii akiamini yeye ndiye aliyeua. Mpe vitawi vitatu vya mrehani kwenye glasi tatu, bila jina. Kimoja kikioza, viwili vipo. Kwa familia zenye desturi ya kupeleka mrehani kaburini, mtoto anaweza kuotesha wa kupeleka, na kuotesha mwingine wa kubaki nyumbani.

Usalama kwa ufupi: viatu au ndala bustanini kwa ajili ya minyoo na miiba, mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, mawe na makumbi yageuzwe kwa kijiti kwanza, kuna nge na tandu, vifuu visiachwe na maji, dawa za wadudu za dukani zisitumike kabisa, mbegu za mnyonyo na mbono zina sumu na watoto wazijue kwa sura.

Bustani isipotosha

Mtoto ambaye kwa wiki mbili halali au hali vizuri, aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayejiumiza, anayesema afadhali afe, au anayemwogopa mtu fulani ghafla, anahitaji zaidi ya ndoo. Mpelekeni hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Anayezungumzia kufa msimsubirishe hata siku moja. Na kwa kuwa bustanini maneno hutoka, jitayarisheni: akikusimulia kwamba anapigwa au anachezewa, usimhoji, usiahidi kuificha siri, wala usimkabili mtuhumiwa. Mwambie unamwamini na amefanya vyema kusema, kisha piga 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Endeleeni kutilia maji pamoja siku inayofuata kama kawaida, asije akadhani kusema kwake kumemharibia bustani.

Kufunga msimu

Bamia mbili za mwisho zisichumwe. Ziachwe kwenye mti zikauke hadi zipasuke mistari na zilie zikitikiswa. Mtoto azifungue juu ya sahani, aanike mbegu kivulini siku tano, azitie kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha majivu yaliyopoa, aandike jina lake na mwezi. Chupa ikae mahali pakavu penye kivuli anapopafikia mwenyewe, kwa sababu atataka kuitikisa kila siku chache. Zilizovunwa baada ya vuli zitapandwa Machi. Kabla ya hapo alowekee 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, na zikiota 6 au zaidi ndani ya wiki, mbegu ni nzima.